Walimu Hawahami Bure: Tuongee Kuhusu Ofisi ya Mwalimu Mkuu



Huku kwetu Ndanai, kila Januari kuna maneno utayasikia kuanzia sokoni mpaka kwa steji ya boda boda: "Yule mwalimu wa hesabu ameenda." Watu wanatingisha kichwa, mtu anasema walimu wa siku hizi wanapenda mji, mwingine anasema ni mshahara, halafu stori inaisha. Darasani nako watoto wamebaki na silabasi nusu. Mwalimu wa BOM analetwa kuziba pengo, na yeye akipata kazi ya kudumu mahali pengine, anaenda. Mtoto mmoja anaweza kufundishwa hesabu na walimu watatu ndani ya mwaka mmoja, halafu matokeo yakitoka tunamwambia hakusoma.

Leo nataka tuangalie hii kitu kihistoria, maana mambo ya walimu kuhama hayakuanza jana. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: mshahara unahesabika, umbali unahesabika, barabara ya matope inahesabika. Lakini shule mbili zinaweza kuwa kwenye barabara hiyo hiyo, mshahara ule ule wa TSC, moja inapoteza walimu kila mwaka na nyingine ina walimu waliofundisha mpaka watoto wa wanafunzi wao. Tofauti mara nyingi inakaa kwenye ofisi moja tu. Ile yenye mlango ulioandikwa "Mwalimu Mkuu".

Sasa twende polepole.

Wakati mkuu alikuwa ndiye mwajiri

Shule za kizungu zilifika nchi ya Wakipsigis kupitia wamisionari. Willis Hotchkiss, Mmarekani, alianzisha Lumbwa Industrial Mission mwaka 1905. "Lumbwa" ndilo jina ambalo wakoloni walikuwa wanatuita. Baadaye serikali ya kikoloni ikafungua shule yake Kabianga mwaka 1925, na miaka ya 1930 Tenwek ikashika mizizi upande wa Bomet.

Katika shule za misheni, mwalimu Mwafrika hakuwa na mwajiri wa mbali wa kumlalamikia. Mmisionari ndiye aliyemwandika, ndiye aliyemlipa, ndiye aliyempa nyumba, na ndiye aliyemhukumu. Ukioa mke wa pili, au ukionekana kwenye pombe ya mila, kazi imeisha. Mkuu wa shule na kanisa na mwajiri walikuwa mtu mmoja, au watu wawili wanaokula meza moja.

Watu wenye uwezo walivumilia kwa muda, halafu wakatoka. Angalia orodha ya viongozi wa Kenya wa miaka ya 1940 na 1950 uone ni wangapi walikuwa walimu kwanza. Jaramogi Oginga Odinga alifundisha Maseno, kisha akaacha kazi ya ualimu miaka ya 1940 na kuingia kwenye biashara na siasa. Eliud Mathu, mwalimu, akawa Mwafrika wa kwanza kuingia LegCo mwaka 1944. Daniel arap Moi alifundisha na kuongoza shule huko Tambach na Kabarnet mpaka 1955 alipoingia LegCo. Bila shaka siasa ilikuwa inawaita. Lakini pia ualimu wa wakati ule ulikuwa na dari ya chini: Mwafrika msomi alibaki chini ya mzungu, akilipwa kidogo kumliko, bila sauti kwenye maamuzi. Mtu mwenye akili hawezi kukaa mahali ambapo hasikizwi wakati mlango mwingine uko wazi.

Shikilia hilo neno "kusikizwa". Tutarudi kwake.

Mfano wa Carey Francis

Kuna mkuu mmoja wa enzi hizo ambaye Wakenya wengi wamemsikia. Edward Carey Francis aliacha kazi ya kufundisha hesabu Chuo Kikuu cha Cambridge, akaja Maseno mwaka 1928. Mwaka 1940 akahamia Alliance High School kule Kikuyu, akaiongoza mpaka 1962. Alikuwa mkali, hilo halina ubishi, na kuna mambo ya mtazamo wake wa kikoloni ambayo leo hatuwezi kuyapigia makofi.

Lakini kilichonigusa ni kile alichofanya baada ya kustaafu. Mkuu wa shule yenye jina kubwa kuliko zote nchini alienda Pumwani, Eastlands ya Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida chini ya mkuu mwingine, na alikuwa bado anafundisha huko mpaka alipokufa mwaka 1966. Jiulize, ni wakuu wangapi leo wanaweza kurudi darasani wakawa chini ya mtu mwingine? Mkuu ambaye bado ni mwalimu moyoni anajua jinsi chaki inavyokausha vidole. Anajua vile masomo manane kwa siku yanavyochosha. Anayesahau hayo ndiye anayeweka mkutano saa kumi na moja jioni Ijumaa na kushangaa kwa nini watu wamenuna.

Mfano mwingine ni Starehe. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin, pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo, walianzisha kituo hicho kwa ajili ya vijana wa mtaani Nairobi. Griffin aliongoza mpaka alipofariki mwaka 2005. Shule ile ilikuwa na baraza ambapo mwanafunzi alisimama mbele ya mkurugenzi akasema shida yake wazi. Na Gikubu hakutumia Starehe kama daraja la kuvukia kwenda kwingine, alikaa miongo. Sisemi kila shule iwe Starehe, ile ilikuwa na wafadhili. Nasema tu baraza halihitaji mfadhili. Mtu kusikizwa ni bure.

Mwajiri mmoja: kazi ya KNUT

Walimu wenyewe walichoka na hali ya kuwa chini ya wamisionari na bodi za wilaya, kila mmoja na masharti yake. Tarehe 4 Desemba 1957 wakaunda KNUT. Ombi lao kubwa lilikuwa mwajiri mmoja kwa nchi nzima. Waligoma, wakabishana, na mwaka 1967 Bunge likapitisha sheria iliyoanzisha Tume ya Kuajiri Walimu, hii TSC tunayoijua.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa. Kutoka hapo mkuu wa shule hangeweza kuamka asubuhi na hasira akamfukuza mwalimu. Mshahara ulitoka Nairobi. Mwalimu wa Ndanai na mwalimu wa Nyeri wakawa na cheo kimoja kwenye karatasi moja.

Lakini angalia kile kilichobaki mikononi mwa mkuu. Yeye ndiye anayepanga ratiba. Yeye ndiye anayeamua nani atapata nyumba ya shule na nani atapanga chumba sokoni. Ripoti yake ndiyo inayoenda kwa tume. Barua yako ya kuomba uhamisho inapitia kwake. Barua ya kukutaka ujieleze inatoka kwake. Tangu 2016, ule mfumo wa kupima utendaji wa walimu, TPAD, umempa yeye na naibu wake kalamu ya kukupa alama. Kwa hiyo sheria ya 1967 ilimwondolea mkuu mshahara wako. Maisha yako ya kila siku ilimwachia.

Hapo ndipo mjadala wetu wa kitaifa hupotea. Tukiongea kuhusu walimu, tunaongea Nairobi: nyongeza, mkataba, mgomo. Hatuongei kuhusu yule mtu mmoja ambaye mwalimu anamwona kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Wakuu waliopewa shule bila kufundwa

Baada ya uhuru, wazazi walijenga shule za Harambee kila kona. Huku kwetu pia watu waliuza ng'ombe, wakatoa mbao na mawe, darasa likasimama. Shule zilikua haraka kuliko walimu, na haraka zaidi kuliko viongozi. Njia ya kuwa mkuu ilikuwa moja: uwe mwalimu mzuri darasani, ukae miaka, au ujulikane na mtu.

Hapa kuna kosa la kimsingi ambalo tunalirudia hata leo. Kufundisha vizuri ni kazi moja, kuongoza watu wazima ni kazi nyingine. Mwalimu wa Kiswahili anayeng'ara darasani hajafunzwa kusoma hesabu za shule, kupatanisha walimu wawili waliokosana, kumwambia mwanasiasa "hapana," wala kumwonya mwalimu mlevi bila kumwaibisha mbele ya wanafunzi. Serikali ililiona hilo ikachelewa. Taasisi ya kufunza wasimamizi wa elimu, KESI, ilianza mwaka 1981, karibu miaka ishirini baada ya uhuru. Leo inaitwa KEMI. Hebu fikiria: karibu kizazi kizima cha wakuu kilijifunza kazi kwa kuiga wakuu waliokuwa kabla yao. Na waliowatangulia waliigia nani? Mmisionari na afisa wa koloni. Ndiyo maana hata sasa unaweza kuingia shule ukakuta walimu wazima wanasimama kando ya mlango wa ofisi kama watoto waliochelewa paredi.

Juu ya hapo, Sheria ya Elimu ya 1968 iliweka nafasi ya mfadhili wa shule, yaani kanisa au shirika lililoanzisha shule hiyo. Kwa wilaya zetu, hilo lina maana ya Africa Gospel Church, Wakatoliki na wengine. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo imeweka BOM. Kwa hiyo mkuu ana wakubwa wengi: TSC, wizara, bodi, kanisa, wazazi, na mheshimiwa wa wadi ambaye hayuko kwenye sheria lakini yuko kwenye simu. Mkuu dhaifu akibanwa na hao wote, anageuka na kuwabana walimu. Mkuu imara anasimama katikati kama ukuta, ili walimu wafundishe.

Miaka ambayo pesa ilikuwa stori kubwa

Sitaki kuonekana kama nadharau mshahara. Mwaka 1997, uchaguzi ukikaribia, KNUT chini ya Ambrose Adongo iligoma na serikali ikakubali nyongeza ya asilimia 150 mpaka 200, ilipwe kwa awamu. Awamu ya kwanza ikalipwa, halafu serikali ikasema haina pesa. Mwaka 1998 walimu wakarudi barabarani. Mwaka huo huo serikali ikafunga uajiri wa walimu wapya. Kilichobaki ni kujaza nafasi za waliotoka.

Halafu 2003 ikaja elimu ya msingi ya bure. Wanafunzi wa shule za msingi wakaruka kutoka takriban milioni 5.9 mpaka milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Walimu walikuwa wale wale. Darasa la watoto arobaini likawa la themanini, na mkuu aliyezoea kuendesha shule kwa karo ya wazazi akaanza kungoja pesa kutoka Nairobi.

Kipindi kile kilionyesha wazi nani ni kiongozi. Mzigo ulikuwa mmoja kwa nchi nzima. Lakini kuna mahali mkuu alikaa na walimu wake akawauliza, "Tunafanyaje?" wakagawana madarasa, yeye mwenyewe akachukua masomo. Na kuna mahali mkuu alibandika ratiba ukutani akaenda mkutano wa wilaya. Mzigo ule ule, lakini mmoja unabebwa na watu na mwingine unatupiwa watu.

"Mtu wetu" na "mtu wa nje"

Hii sehemu ni nyeti lakini tuiongee kwa heshima.

Mwaka 2001 TSC ilibadilisha uajiri. Badala ya Nairobi kumtuma mwalimu popote, shule zenye nafasi zikaanza kutangaza, na bodi za shule za upili na za wilaya zikafanya usaili. Faida ilikuwa kubwa: mwalimu alipata kazi mahali alipoomba, na alitakiwa kukaa miaka mitano kabla ya kuomba uhamisho. Hasara ikaja polepole. Bodi nyingi zilianza kuangalia jina la ukoo kabla ya cheti. Shule zikajaa watu wa kijiji kimoja, mkuu akiwa binamu wa mwenyekiti.

Sisi watu wa Ndanai tunakaa pembeni ya kaunti. Huku Trans Mara, kule Borabu ya wenzetu wa Nyamira. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yalipofika mpaka wa Sotik na Borabu, na Chebilat ikaungua, walimu waliokuwa wanafundisha ng'ambo ya mpaka, wa pande zote mbili, walilazimika kuondoka. Baadhi walirudi, wengine hawakurudi kamwe. Hakuna mkuu wa shule anayeweza kuzuia mambo makubwa kama yale. Lakini kurudi au kutorudi kulitegemea sana kama kuna mtu wa shule aliyekupigia simu kukuuliza uko wapi na watoto wako wamekula nini. Mtu hasahau simu kama hiyo. Wala hasahau kimya.

Mwaka 2018 TSC ikaja na dawa kali: kuwahamisha wakuu na walimu nje ya kaunti zao za nyumbani. Nia ilieleweka, kuvunja ukoo kwenye ofisi na kujenga umoja wa nchi. Utekelezaji ndio uliouma. Familia zilitenganishwa, waume upande huu na wake upande ule. Sehemu zingine wazazi walifunga geti wakimkataa mkuu mgeni. Baada ya kelele nyingi Bungeni na kwenye vyama, mpango ule ulianza kulegezwa mwaka 2022, na kufikia 2023 walimu wengi walikuwa wamerudishwa karibu na nyumbani.

Somo langu kutoka kwa hiyo miaka ni hili. Mkuu wa nyumbani anaweza kuwa mbaya, na mkuu wa mbali anaweza kuwa mzuri. Kabila la mkuu halimshikilii mwalimu. Haki yake ndiyo inayomshikilia. Mwalimu Mkisii, Mluo au Mkikuyu aliyetumwa Ndanai haulizi kwanza mkuu ni wa ukoo gani. Anauliza: nitapewa nyumba kwa zamu kama wengine? Nikigonjwa nitaruhusiwa kwenda hospitali bila kuandikwa mtoro? Mzazi akija kunitukana, mkuu atasimama na nani?

Watafiti wa nje waliona nini

Isije ikaonekana haya ni maneno ya kijijini tu. Mwaka 2001, Richard Ingersoll wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, alionyesha kwamba upungufu wa walimu nchini mwake haukuwa hasa wa kukosa watu waliosomea ualimu. Walimu walikuwa wanaingia halafu wanatoka kabla ya kustaafu, na kati ya sababu zao kulikuwa na usimamizi duni wa shule, nidhamu ya wanafunzi, na kutoshirikishwa kwenye maamuzi. Mwaka 2011 kundi jingine la watafiti lilichapisha kazi kuhusu walimu wa jiji la New York. Walilinganisha mambo mengi ya mazingira ya shule, na lililokuwa na uzito mkubwa zaidi kwa uamuzi wa mwalimu kubaki au kuondoka lilikuwa maoni yake kuhusu uongozi wa shule.

New York si Ndanai. Kule mwalimu anaweza kubadilisha shule bila kuvuka mto kwa miguu. Huku kwetu wakati mwingine mwalimu anabaki kwa sababu tu uhamisho umekataliwa. Na hapo kuna jambo ambalo takwimu haziwezi kuliona: mwalimu anaweza kuhama akiwa bado yupo. Anaingia saa mbili, anatoka saa kumi, anafundisha kile kilichoandikwa, na moyo wake uko kwenye shamba la chai, kwenye matatu aliyonunua kwa mkopo wa sacco, au kwenye ile bonasi ya KTDA ya Oktoba. Simlaumu kwa kuwa na shamba, hata mimi natamani. Nasema mkuu aliyemkatisha tamaa ndiye aliyempeleka shambani mapema.

Mimi mwenyewe nilisoma shule moja ya huku ambayo sitaitaja. Katika miaka yangu minne tulifundishwa fizikia na walimu wanne. Wa pili alikuwa moto, alikuwa anatuita Jumamosi anatufundisha bila malipo. Alipoomba shule imnunulie nyaya na betri za majaribio, aliambiwa hadharani, mbele yetu, kwamba anataka kujifanya mkuu. Jumamosi zikaisha. Kufikia muhula uliofuata hakuwepo. Vitu alivyokuwa anaomba havingefika bei ya mbuzi mmoja.

Sasa hivi: sekondari msingi

Kwa nini naleta historia yote hii leo? Kwa sababu tuko katikati ya mtihani mpya.

Januari 2023 Gredi ya 7 ilianza, na serikali ikaamua sekondari msingi iwe ndani ya shule za msingi, chini ya mwalimu mkuu wa msingi. Walimu waliotumwa huko, wengi wao vijana wa digrii na diploma, waliingia kwa mkataba wa mafunzo wa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mei 2024 wengi wao waligoma, na mwaka 2025 ulipoanza kundi kubwa likapewa ajira ya kudumu. Pesa ikatulia kidogo. Lakini ile shida nyingine bado ipo.

Unamkuta kijana wa miaka 26 mwenye digrii ya sayansi, anafundisha masomo matano ambayo mengine hakuyasomea, hana maabara, na mkuu wake anamwona kama mgeni aliyekuja kumdharau. Mkuu naye hakupewa mafunzo ya kutosha ya kusimamia kiwango hicho, anasikia walimu wa sekondari msingi wanataka wawe na uongozi wao, na anahisi kiti kinatikisika. Wote wawili wana hofu. Mwenye mamlaka akiwa na hofu, mdogo ndiye anayeumia, na Gredi ya 9 ndiyo inayolipa.

Sitaki kuwaonea wakuu. Serikali imeahidi shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili ya kutwa kwa mwaka, na shilingi 1,420 kwa wa shule ya msingi. Pesa hizo zinachelewa, zinakuja nusu, na mwenye duka la unga hampigii Waziri simu. Anampigia mkuu. Kuna wakuu wanalala na madeni ya shule kichwani. Lakini hata bila shilingi kuna mambo mkuu anaweza kufanya, na nimeyaona yakifanyika kwenye shule za huku:

Kumpokea mwalimu mpya kama mgeni wa nyumbani. Mtu aende kumchukua stejini, amwonyeshe nyumba, amtambulishe kwa mama wa duka na kwa mzee wa mtaa. Sisi Wakipsigis tunajua kumpa mgeni mursik. Tusisahau hiyo mila tukivaa tai.

Kupanga ratiba mbele ya walimu, kila mtu aone nani ana masomo mangapi. Siri ya ratiba imevunja stafurumu nyingi kuliko umaskini.

Kukemea mtu ofisini na kumsifu hadharani. Wengi wanafanya kinyume.

Kueleza pesa. Ukisema "zimeingia kiasi hiki, tumelipa hiki, hatuna hiki," watu wanavumilia. Ukinyamaza, watu wanahesabu gari lako.

Kumwachia mwalimu aende akiwa na sababu ya haki. Hii inashangaza, lakini mkuu anayesaini uhamisho wa mama ambaye mtoto wake ni mgonjwa anawafanya waliobaki wakae. Wameona kwamba mahali hapa si jela.

Na kwa TSC nasema hivi: mkipima wakuu, msiangalie alama za mtihani pekee. Angalieni pia ni walimu wangapi wameomba kutoka kwenye shule hiyo ndani ya miaka mitatu, na muwaulize kwa nini, bila barua yao kupitia kwa mtu wanayemkimbia. Na kwa sisi wazazi na vijana wa Ndanai, tukikaa kwenye mkutano wa shule tusiulize tu "Tulipata wastani gani?" Tuulize, "Walimu wetu wamekaa miaka mingapi? Nani ameondoka, na aliondoka akisema nini?"

UNESCO inasema dunia itahitaji walimu wengine milioni 44 kufikia 2030, na milioni 15 kati yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara. Hatutawaajiri wote. Basi hawa tulio nao tusiwapoteze kwa sababu ya kiburi cha ofisi.

Kama wewe ni mwalimu uliyewahi kuhama shule, niandikie chini sababu yako ya kweli, usitaje jina la shule wala la mtu. Na kama uko shule ambayo umekataa kuhama miaka yote hii, niambie mkuu wako alifanya nini mpaka ukabaki. Nitazikusanya tuzijadili wiki ijayo.